Wengi Wape? Kwanini Kura na Haki ni Vitu Viwili Tofauti

Mwaka juzi nilikaa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kimoja huku Rungwe, ukishuka kidogo kutoka Tukuyu. Ajenda ilikuwa moja tu, eneo la kujenga zahanati, na hakuna aliyekuwa anapinga zahanati yenyewe maana wamama wa pale wakishikwa uchungu usiku wanapakizwa kwenye bodaboda, barabara ni tope tupu na mvua ya huku mnaijua. Eneo zuri lililoonekana, tambarare na karibu na barabara, lilikuwa shamba la mjane mmoja, kama nusu eka hivi, ana migomba na parachichi alizozipanda miaka mitatu nyuma na ndo zilikuwa zinaanza kutoa maua. Mwenyekiti akasema wanaokubali wanyooshe mikono, mikono ikapanda kama msitu. Wanaokataa? Mkono mmoja. Mwenyekiti akamgeukia akamwambia kwa upole kabisa, "Basi mama yetu, demokrasia imeshaamua, wengi wape." Watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga, lakini pia sikusema kitu, na nimekaa na hilo jambo mpaka leo. Kwa sababu ukiangalia vizuri, mwenyekiti hakudanganya, pale kweli kulikuwa na demokrasia. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wote wenye miaka 18 kwenda juu na ndo wenye kauli ya mwisho kwenye mambo ya sera ya kijiji, watu walikuja, wakajadili, wakapiga kura mchana kweupe. Sasa mbona roho iligoma?

Roho iligoma kwa sababu kuna vitu viwili tumevizoea kuvitaja kwa pumzi moja, demokrasia na haki za binadamu, mpaka tunadhani ni mapacha waliozaliwa siku moja. Sio mapacha. Demokrasia inajibu swali la nani aamue. Haki inajibu swali lingine kabisa, kwamba huyo anayeamua, awe mfalme, awe chama, awe kijiji kizima, aishie wapi. Vimekua kwenye njia tofauti, kwa karne tofauti, na mara nyingi kimoja kimefika mahali miaka mingi kabla ya mwenzake. Na hata methali yetu yenyewe huwa tunaikata katikati, maana inaendelea hivi, wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Wazee walijua kabisa kwamba kwenye wingi kuna nguvu, hawakusema kuna haki.

Tuanzie Athens, Ugiriki, kwa sababu kila mtu huanzia huko. Mwaka 508 kabla ya Kristo hivi, mtu aliyeitwa Cleisthenes aliupanga upya mji ule, akawagawa raia kwenye makabila kumi mapya yasiyofuata koo za zamani, na kila kabila likawa linatoa watu 50 kwenye baraza la watu 500. Na hao 500 walipatikana kwa bahati nasibu, sio kwa kampeni, yaani mkulima wa kawaida angeweza kujikuta mwaka huu yuko kwenye baraza la mji. Maamuzi makubwa yalifanyika mlimani Pnyx, raia wenyewe wanakaa wanasikiliza wananyoosha mikono, kama sisi tu pale kijijini. Ni jambo la kuheshimu sana. Ila raia alikuwa mwanaume mtu mzima aliyezaliwa na wenyeji, mwanamke hayumo, mtumwa hayumo, mgeni hata akiishi pale miaka arobaini hayumo. Na hata huyo raia mwenyewe hakuwa na ukuta wa kujificha nyuma yake siku wenzake wakimgeuka. Mwaka 399 kabla ya Kristo baraza la waamuzi wapatao 500 waliochaguliwa kwa bahati nasibu lilipiga kura kwamba mzee mmoja wa miaka sabini, Socrates, anaharibu vijana na haheshimu miungu ya mji. Wengi wakasema ana hatia, akanywa sumu. Utaratibu ulifuatwa wote. Hiyo ndo demokrasia bila haki, na ilikuwa pale mwanzoni kabisa.

Sasa geuza upande wa pili, haki bila demokrasia. Juni 1215, kwenye majani kando ya mto Thames mahali panaitwa Runnymede, mfalme John wa Uingereza alibanwa na mabwana wakubwa wenye mashamba akubali hati iliyokuja kuitwa Magna Carta. Hakuna aliyechaguliwa na mtu pale, wale mabwana walikuwa wanapigania mifuko yao, kodi zilikuwa zimewachosha na mfalme alikuwa anashindwa vitani. Lakini kifungu cha 39 kikasema mtu huru hatakamatwa wala kufungwa wala kunyang'anywa mali yake isipokuwa kwa hukumu ya halali ya watu wa hadhi yake au kwa sheria ya nchi. Mtu huru, maana Waingereza wengi wakati ule walikuwa wamefungwa kwenye ardhi ya bwana na hawakuhesabika. Na hati yenyewe haikudumu hata miezi mitatu, Agosti ile ile Papa Innocent III akaitangaza kuwa batili. Ila mfalme alipokufa mwaka uliofuata wakaitoa tena, wakairudia 1217, wakairudia 1225, na kila ilipotolewa ilizidi kuzoeleka. Kumbe kitu kikishaandikwa kikasomwa mbele za watu, kukifuta ni kazi.

Kuanzia hapo Waingereza wakawa wanaongeza tofali moja moja, polepole sana. Mwaka 1679 ikaja sheria ya kusema mkimkamata mtu mleteni mbele ya jaji mseme mmemkamata kwa kosa gani. Mwaka 1689 bunge likamwekea mfalme mipaka kwa maandishi. Lakini angalia, wakati haya yote yanaandikwa, waliokuwa na kura ni wanaume wachache wenye mali, kwahiyo haki ilitangulia huko, kura ya watu wote ikaja baadae sana, wanawake wa Uingereza walianza kupiga kura 1918 tena wa kuanzia miaka 30, usawa kamili ni 1928.

Marekani walifanya kinyume kidogo. Walitangaza uhuru 1776, wakaandika katiba 1787, na katiba ile ilikuwa na rais, bunge, mahakama, kila kitu cha kuendesha serikali, ila orodha ya haki za mtu haikuwemo. Baadhi ya watu wakagoma kuikubali, wakauliza hivi serikali hii hata kama tumeichagua wenyewe, ikija kunifunga mdomo nitashika wapi? Ndo zikaongezwa kanuni kumi za haki kwenye katiba mwaka 1791. Miaka minne ya pengo. Na hata hapo utumwa wa mtu mweusi ulikuwa halali kisheria mpaka 1865, halafu majimbo ya kusini yakamwekea vikwazo vya kupiga kura, ikabidi isubiriwe sheria ya 1965. Ufaransa nao 1789 wakatangaza haki za binadamu na za raia, maneno matamu kweli, mwanamke mmoja anaitwa Olympe de Gouges akauliza mbona sisi hatumo, 1791 akaandika tangazo lake la haki za mwanamke, 1793 wakamkata kichwa kwa maandishi yake ya kisiasa. Wanawake wa Ufaransa walipata kura 1944.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Uswisi kwa sababu unafanana na mkutano wetu wa kijiji kuliko wowote. Uswisi ni nchi ya kura za wananchi, kila kitu wanapigia kura, na hilo ndo lilikuwa tatizo, maana kuwapa wanawake haki ya kupiga kura ilibidi wanaume wapige kura. Mwaka 1959 wanaume wakakataa. Wakakubali 1971. Lakini kuna jimbo dogo la milimani linaitwa Appenzell Innerrhoden, huko mambo ya jimbo yanaamuliwa uwanjani, watu wanasimama wananyoosha mikono, na Aprili 1990 wanaume wa pale walikusanyika wakakataa tena. Mwaka 1990, sio enzi za mababu! Novemba mwaka huo huo mahakama kuu ya nchi ikasema hapana, katiba inasema watu ni sawa, usawa sio kitu cha kuombwa kwa kunyoosha mikono, na wanawake wakaingia uwanjani. Wengi walisema hapana na wengi walikuwa wamekosea, na kulikuwa na mlango wa kugonga. Huo mlango ndo ninaouzungumzia.

Tuje nyumbani sasa, kwa sababu huwa tunasimuliwa kama vile haya mambo yalishuka kwa meli. Kwa Wanyakyusa, wenyeji wa huku Rungwe, kabla ya wakoloni kulikuwa na malafyale, chifu, lakini hakutawala peke yake, kulikuwa na mafumu, wakuu wa vijiji ambao hawakutoka kwenye ukoo wake, na hao ndo walikuwa na kazi ya kumwambia ukweli. Chifu akiwa mkorofi watu wanahama na ng'ombe zao wanaenda kwa mwingine, anabaki na malisho matupu. Sitasema hiyo ni demokrasia, mwanamke hakuwa na kauli na mtu angeweza kufukuzwa kijijini kwa kushukiwa uchawi tu. Ila kamba ya kumfunga mkubwa ilikuwepo. Waingereza walipoleta utawala wao wa kupitia machifu, sheria ya 1926, kamba ile ndo waliyoikata bila hata kujua, maana chifu sasa alilipwa mshahara na serikali na anayeweza kumtoa ni bwana DC, mkuu wa wilaya, kwahiyo akaanza kuangalia juu badala ya chini. Nadhani mpaka leo tunaumwa ugonjwa huo kwa viongozi wetu wengi wa chini.

Ukienda Kalenga, nje kidogo ya Iringa mjini, kwenye makumbusho utalikuta fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe. Wajerumani aliwapiga Lugalo 17 Agosti 1891, wakarudi wakaibomoa ngome yake ya Kalenga 1894, na 1898 akajiua ili asishikwe. Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha, mkataba wa Versailles wa 1919 ukaandika kwenye ibara ya 246 kwamba Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa, na ikabidhi kwa serikali ya Uingereza! Wahehe wenyewe hawakuulizwa, kama ambavyo hakuna aliyetuuliza Tanganyika nzima ilipohamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Fuvu lilirudi 1954 na gavana Twining, na aliyelipokea ni mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Mwaka huo huo, tarehe 7 Julai, chama cha TANU kikazaliwa Dar es Salaam.

Na safari ya kura ilikuwa ndefu. Baraza la kutunga sheria lilianza 1926 bila Mwafrika hata mmoja, wawili wa kwanza waliingia 1945, machifu, tena kwa kuteuliwa. Uchaguzi wa kwanza ulikuja 1958 na 1959, ule wa kura tatu, yaani ili kura yako ihesabike lazima uchague Mwafrika mmoja, Muasia mmoja na Mzungu mmoja, na ili uandikishwe uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka au elimu ya darasa la nane au cheo fulani. Hebu fikiria mzee wa Mbozi na kahawa zake chache angeipata wapi pauni 150. TANU walikaa Tabora Januari 1958 wakabishana vikali kama waingie au wasuse, wakaamua kuingia, na walishinda. Uchaguzi wa 1960 wakachukua viti 70 kati ya 71, Desemba 9, 1961 tukawa huru. Mwaka uliofuata mjukuu wa Mkwawa akakaa kwenye kiti cha Spika wa Bunge, akawa Mwafrika wa kwanza kukikalia.

Hapa ndo inabidi twende polepole. Katiba ya uhuru ya 1961 haikuwa na sura ya haki za raia, na sio kwamba ilisahaulika. Viongozi wetu waliikataa, na sababu zao zilieleweka, majaji wengi walikuwa bado wageni na serikali iliogopa kila mpango wa maendeleo utapelekwa mahakamani. Mwalimu Nyerere aliamini pia kwamba Waafrika tuna njia yetu, wazee wanakaa chini ya mti wanaongea mpaka wanakubaliana. Namheshimu sana Mwalimu na kwenye hili naona alikosea, kwa sababu ule mti haukuwa na kivuli kwa yule asiyekubaliana. Mwaka 1962 ikapita sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, 1965 tukawa nchi ya chama kimoja kisheria. Kura iliendelea kupigwa, tena mawaziri walikuwa wanaanguka kwenye uchaguzi, wagombea wawili wa chama kile kile, huyu alama yake jembe, huyu nyumba. Kura tulikuwa nayo. Mlango hatukuwa nao.

Kilichotokea Isimani, Iringa, siku ya Krismasi 1971, wazee wa huku wanakikumbuka mpaka leo na wakikisimulia wanashusha sauti. Mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, alikuwa anasukuma kilimo cha ujamaa, alifika kwenye shamba la mkulima Saidi Mwamwindi, wakarushiana maneno, Mwamwindi akampiga risasi akamuua, kisha mwenyewe akaupeleka mwili polisi. Akahukumiwa kunyongwa. Siandiki hili kutetea mauaji, mtu alikufa na familia mbili zikaharibika. Naliandika kwa sababu ardhi ya mtu mmoja iligongana na uamuzi uliosemwa ni wa watu wote, na kwenye katiba ya wakati ule hapakuwa na ibara ya kumwambia yeyote kati yao hapa ndo mpaka.

Sura ya haki iliingia kwenye katiba yetu 1984, baada ya mjadala mkubwa wa nchi nzima na mwaka mmoja tu baada ya ile sheria ya uhujumu uchumi ambayo watu walishikwa bila dhamana na bila kuruhusiwa wakili. Na hata hapo serikali ikajipa muda, mtu wa kawaida aliruhusiwa kuitumia mahakamani kuanzia Machi 1988. Hesabu mwenyewe, kutoka uhuru mpaka haki kuandikwa ni miaka 23, mpaka kuweza kuidai ni zaidi ya 26. Wamarekani, kutoka katiba yao mpaka haki kuandikwa, pengo lao lilikuwa miaka minne.

Lakini ilipofunguka, ilifunguka kweli. Mwaka 1990, ule ule wa wanawake wa Appenzell, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alipata kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza, mpwa wake wa kiume akaja juu kwamba kimila mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mila ilikuwa upande wa mpwa, ukoo nao upande wa mpwa, ukipiga kura pale kijijini huenda yule mama angeanguka. Jaji akafungua katiba, ibara ya 13, watu wote ni sawa mbele ya sheria, akasema mauzo ni halali.

Halafu 1991 Rais Mwinyi akaunda tume chini ya Jaji Mkuu Nyalali, izunguke iulize watu wanataka chama kimoja au vingi. Karibu asilimia 80 wakasema kimoja kinatosha. Asilimia kama 20 tu wakataka vingi. Na tume ikapendekeza vingi! Wapo wanaosema mpaka leo kwamba huo ulikuwa usaliti wa wengi, mimi naona ni moja ya siku nchi hii ilifikiri vizuri kabisa, maana wanaotaka chama chao wakiruhusiwa hawamnyang'anyi chochote anayependa cha zamani, lakini wakikatazwa wao wananyang'anywa kila kitu. Mwaka 1992 sheria ikabadilika, 1995 tukapiga kura ya vyama vingi.

Kwahiyo turudi kwa yule mama. Ibara ya 24 ya katiba inasema mtu ana haki ya kumiliki mali, na ni marufuku kumnyang'anya bila sheria inayoweka fidia inayostahili. Sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inasema hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile ya hati ya mjini. Kijiji kilikuwa na haki ya kupiga kura kwamba kinataka zahanati, kilikuwa na haki hata ya kusema eneo lile ndo bora. Kumchukulia bure kwa mikono kunyooshwa, hapo kura ilikuwa imevuka mpaka wake.

Mtendaji alipomaliza kuandika akasimama kusoma muhtasari, akafika mahali pamesema "wananchi wote kwa kauli moja wameridhia." Yule mama akanyanyuka. Sio mtu wa maneno mengi, alikuwa ameshika khanga yake kifuani.

"Mwanangu, hapo sikukubali."

Mtendaji akamwambia, "Shikamoo mama, lakini ni mtu mmoja tu, haiharibu kitu."

"Marahaba. Huyo mmoja ni mimi."

Kukawa kimya. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa amenyoosha mkono wa kukubali kama wengine, akasema kutoka nyuma, "Mwandike." Mwenyekiti akamwangalia, akaangalia watu, akatikisa kichwa kwamba sawa. Mtendaji akakaa tena chini, daftari kwenye goti, akakata neno "wote" na "kwa kauli moja", akaandika juu yake kwamba mwenye shamba amepinga na anadai fidia.

Karatasi ilipofika ngazi za juu, mstari ule ndo uliosimamisha kila kitu, wakauliza tathmini ya fidia iko wapi. Haikuwepo. Ikabidi waje watu na futi, wakapima, wakahesabu mgomba mmoja mmoja na parachichi moja moja yeye akiwa amesimama pembeni anahesabu nao. Ilichukua karibu mwaka, na wapo waliomnunia kanisani. Zahanati sasa imefika kwenye lenta, imejengwa upande wa migomba, wamelipa. Parachichi zote ziko upande wake wa uzio.